Utafiti wa migodi uishie mdomoni mwa duara, usiishie kabatini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linaloguswa siku ya bajeti kisha likasahaulika mwaka mzima: fedha ambazo serikali hutumia kutafiti usalama wa migodi, mahali yalipo madini na namna ya kuyachenjua, yaani kuyatenganisha na mwamba. Kila zinapotajwa huzuka hoja ileile. Makampuni yana wataalamu wao na maabara zao, serikali inatafuta nini humo? Sisi tunasema iendelee, tena iongeze nguvu, ila kwa sharti moja: utafiti wake usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka matokeo yake yawe kipimo au hatua ambayo mtu aliyesimama mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia madini, anaweza kuifuata kesho asubuhi.

Tuanze na vumbi, kwa sababu hapo ndipo hoja ya "waachieni makampuni" inapovunjika. Tarehe 10 Machi 1906 mgodi wa makaa ya mawe wa Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, ulilipuka na kuua watu 1,099. Tarehe 6 Desemba mwaka uliofuata mgodi wa Monongah, jimbo la West Virginia nchini Marekani, uliua watu 362 kwa hesabu rasmi. Enzi hizo wataalamu walikuwa bado wanabishana kama vumbi la makaa peke yake, bila gesi ya methani, linaweza kulipuka. Kampuni gani ingekubali kulipua mgodi wake ili ijue? Mwaka 1910 serikali ya Marekani ilianzisha Ofisi ya Migodi, nayo ikachimba mgodi wa majaribio huko Bruceton, karibu na Pittsburgh. Humo walilipua vumbi makusudi, mara nyingi, wakipima kila kitu. Jibu likapatikana: vumbi linalipuka bila msaada wa gesi.

Dawa nayo ikajaribiwa humohumo. Unga wa mawe ya chokaa hunyunyiziwa sakafuni, ukutani na darini mwa njia za mgodi. Upepo wa mlipuko unapotimua vumbi la makaa, hutimua na unga huo, nao hunyonya joto mpaka moto unashindwa kusonga mbele. Kipimo kilichotolewa kilikuwa kwamba mchanganyiko wote uliolala njiani uwe na angalau asilimia 65 ya kitu kisichoungua. Namba moja tu, lakini msimamizi yeyote angeweza kuchota vumbi, kulipeleka maabara na kujua kama zamu ya usiku iingie au isiingie.

Kilichofuata ndicho tunachotaka wasomaji wakishike. Asilimia 65 ilitokana na ukubwa wa chembe za vumbi la migodi ya miaka ya 1920. Baadaye zikaja mashine za kukata makaa zinazosaga laini zaidi, na vumbi likiwa laini huwaka upesi zaidi, kwa hiyo linahitaji unga mwingi zaidi wa kulizima. Watafiti wa serikali walirudi migodini, wakachukua sampuli upya, wakarudia majaribio ya milipuko, wakaona kiwango cha zamani hakitoshi. Tarehe 5 Aprili 2010 mgodi wa Upper Big Branch, West Virginia, uliua watu 29. Septemba mwaka huohuo kiwango kilipandishwa hadi asilimia 80. Ofisi ya Migodi yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 1996 kwa sababu za kubana matumizi. Kazi yake ya usalama ilinusurika kwa kuhamishiwa taasisi ya utafiti wa afya kazini. Bila uhamisho huo, hatuoni ni nani angerudi kupima vumbi lililopimwa miaka 80 nyuma.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya makaa ya mawe na mashine kubwa. Tushuke basi kwenye duara la mchimbaji mdogo.

Mwaka 1896 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya daktari John Scott Haldane, aliyechunguza miili ya waliokufa katika mlipuko wa mgodi wa Tylorstown, Wales. Alionyesha kwamba wengi hawakuuawa na kishindo wala moto. Waliuawa na kaboni monoksidi iliyobaki baada ya mlipuko, wengine wakiwa wametembea mbali wakitafuta njia ya kutoka. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haldane ndiye aliyependekeza ndege wadogo washushwe mgodini, kwa kuwa huzidiwa mapema kuliko binadamu.

Miaka zaidi ya 120 imepita na bado watu wanapima hewa ya duara kwa mshumaa. Mshumaa unasema jambo moja tu, kwamba oksijeni imepungua: hewa ya kawaida ina karibu asilimia 21, na mshumaa huzimika ikishuka hadi kama 16. Kuhusu kaboni monoksidi hausemi lolote. Sehemu 1,200 za gesi hiyo katika milioni moja za hewa zinahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Ni kama sehemu moja katika 800, na mshumaa utawaka humo vizuri kabisa huku aliyeushika miguu ikimlegea.

Gesi hiyo inafikaje chini? Mara nyingi kwa pampu ya maji ya petroli, na hapa kuna fizikia ambayo hakuna anayemweleza mchimbaji. Pampu iliyoko juu haivuti maji kutoka kina chochote upendacho. Uzito wa hewa ndio unaoyasukuma maji kupanda, na uwezo wake unaishia kama mita 10 kwa hesabu. Kwa pampu halisi ni kama mita 7, na mahali palipo juu sana ya usawa wa bahari hupungua zaidi. Duara la mita 25 likijaa maji, pampu ya juu inazunguka bure. Ndipo watu wanaifunga kamba, wanaishusha karibu na maji, wanaiwasha. Ndani ya muda mfupi sehemu yote ya chini imejaa moshi wa injini, na anayeshuka kuangalia kwa nini imezimika hapandi tena. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Kumwambia mtu huyo "usishushe pampu" bila kumpa njia nyingine hakusaidii, maana maji yapo na mwamba uko chini ya maji. Anachohitaji ni pampu ya umeme ya kuzamishwa, jenereta ibaki juu, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na duara. Feni ya kupuliza hewa nayo ivute hewa upande wa pili kabisa. Kosa linalorudiwa ni kuweka feni kando ya jenereta kwa sababu waya ni mfupi. Hapo unapeleka moshi chini kwa bomba. Bomba la hewa lifike karibu na mahali watu wanapochimba, kwani likiishia katikati ya duara, hewa safi inageuka na kurudi juu kabla ya kufika. Kifaa cha kupima kaboni monoksidi kishushwe kwa kamba kabla ya mtu kushuka. Haya yote yanajulikana, na yangeingia kwenye karatasi moja yenye mchoro. Tungependa kuiona karatasi hiyo imebandikwa kwenye kila duara lenye leseni.

Baruti tutaigusa kwa ufupi, kwa kuwa kanuni zake zimeandikwa vizuri katika nchi nyingi na tatizo ni kuzifuata. Fataki (kiwashio cha baruti) ya utambi ikikosa kulipuka, watu wasirudi kabla ya dakika 30. Ya umeme, dakika 15. Tundu la zamani lililobaki mwambani lisichimbwe tena hata likionekana tupu. Dari igongwe kwa mtaimbo baada ya kila mlipuko, ukianzia mahali palipo salama kuelekea pasipojulikana: mwamba mzima hulia kama chuma, ulioachana hulia kama ngoma, na unaolia hivyo uangushwe kwa mtaimbo au uwekewe matimba ya kuutegemeza kabla ya kazi nyingine yoyote.

Sasa tuje kwenye utafutaji wa madini, sehemu ambayo watu wengi hupotezea fedha zao bila kujua kwamba wamezipotezea kwenye mizani. Mchimbaji anapeleka jiwe maabara, anaambiwa gramu 42 kwa tani. Anauza ng'ombe, anakodi karasha (mashine ya kusaga mawe), anachenjua tani 50 na kupata chini ya sehemu ya kumi ya alichotarajia. Analaumu maabara au kibarua aliyemwibia. Mara nyingi hakuna aliyeiba.

Chukua punje moja ya dhahabu ya mviringo, kipenyo nusu milimita. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, kwa hiyo punje hiyo ina miligramu 1.26. Kipimo cha kuyeyusha kwa moto hutumia gramu 30 za unga. Punje hiyo ikiangukia kwenye gramu 30 hizo, maabara itasoma gramu 42 kwa tani, na itakuwa imesoma sawasawa. Lakini kama mwamba wenyewe una gramu 3 kwa tani, basi kuna punje moja ya aina hiyo katika kila gramu 420. Zigawe gramu 420 katika vifuko 14 vya gramu 30: kifuko kimoja kitasoma 42, vingine 13 vitasoma sifuri. Maabara haikukosea hata mara moja, na bado namba zote 14 zinampotosha anayeangalia moja tu.

Ndiyo maana sampuli hukatwa kama mfereji, kukingama na mshipa wa madini, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, upana na kina vikiwa vilevile mwanzo hadi mwisho, baada ya kusafisha uso wa mwamba na kutandika turubai chini. Kilo 3 hadi 5 kwa kila sampuli. Anayeokota vipande vinavyong'aa ameleta maabara matumaini yake. Kilo zote zivunjwe hadi milimita 2 kwanza, ndipo zigawanywe. Ukigawanya mawe makubwa, punje zinaenda upande mmoja. Dhahabu ikiwa ya punje, kilo nzima ya unga ichekechwe kwenye chekeche ya karibu maikroni 100 (sehemu moja ya kumi ya milimita), kinachobaki juu kipimwe chote, kilichopita kipimwe mara mbili, kisha hesabu ziunganishwe kwa uzito. Na katika kila sampuli 20 iingizwe moja ya mwamba usio na kitu, moja yenye kiwango kinachojulikana na moja iliyorudiwa. Ile tupu iwekwe baada ya sampuli tajiri, maana kinu kisichosafishwa huazimisha dhahabu kwa sampuli inayofuata.

Serikali inafanya kazi hii inapochora ramani za jiolojia na kuchoronga miamba, yaani kuitoboa kwa mashine ili kujua kilichomo. Tunachoomba ni kwamba itoe namba zote, pamoja na zile za matundu yaliyotoka tupu. Tundu tupu lililotangazwa humwokolea mtu mwingine gharama ya kuchoronga palepale. Miche ya mwamba (vipande virefu vinavyotoka kwenye matundu hayo) iliyochorongwa kwa fedha za umma ihifadhiwe kwenye masanduku yenye alama za kina, kwa sababu jiwe lililotafutwa shaba mwaka mmoja laweza kutafutwa kitu kingine miaka 30 baadaye, na kulirudia kulichoronga ni kulipa mara mbili.

Upande wa uchenjuaji tuna mfano ambao wengi wanaufanyia kazi bila kujua ulikotoka. Kwamba mkaa hunasa dhahabu kutoka kwenye maji ya sianidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, lilijulikana tangu karne ya 19, ila ili kuipata dhahabu ilibidi mkaa wenyewe uchomwe, na hesabu haikulipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zadra, mtafiti wa Ofisi ya Migodi ya Marekani tuliyoitaja, alionyesha namna ya kuivua dhahabu kwenye mkaa bila kuuharibu: maji yenye asilimia 1 ya sodiamu haidroksaidi na asilimia 0.1 ya sianidi, yamepashwa hadi kama nyuzijoto 90 hadi 95, yakizunguka kupita kwenye mkaa kisha kwenye nyuzi za chuma zenye umeme, ambako dhahabu hubaki. Mkaa unarudi kazini. Mgodi wa Homestake, jimbo la South Dakota, uliingiza mfumo huo wa mkaa kwa kiwango kikubwa mwaka 1973. Mitambo mingi ya elusheni, yaani ya kuivua dhahabu kwenye mkaa, inayofanya kazi leo duniani, mikubwa na midogo, imejengwa juu ya hatua hiyo, kwa sababu matokeo yalichapishwa wazi. Yangekuwa siri ya kampuni moja, tungekuwa bado tunachoma mkaa.

Maelezo yaliyowafikia watumiaji wadogo, hata hivyo, mara nyingi ni nusu. Mkaa hushika chokaa, kwa hiyo huoshwa kwa asidi ya haidrokloriki ya kama asilimia 3. Usiposuuzwa kwanza kwa maji mengi, asidi inakutana na sianidi iliyobaki na kutoa gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo inaua kwa kuvutwa mara chache. Mkaa wa vifuu usiwekwe bila kuchekechwa: unga wake unapita kwenye chujio ukielekea kwenye marudio (mabaki ya mwamba uliokwisha kuchenjuliwa), umebeba dhahabu yako. Na pH ya tangi, yaani kipimo cha uchachu wa maji yake, ibaki 10.5 au zaidi. Ikishuka hadi karibu 9.2, nusu ya sianidi huwa imegeuka kuwa gesi hiyohiyo. Ukipunguza chokaa unapoteza dawa uliyoinunua na kuhatarisha aliyesimama juu ya tangi, vyote kwa mkupuo mmoja.

Kabla ya kumwaga sianidi kwenye vati (birika kubwa la kulowekea mwamba) la tani 40, kuna jaribio la chupa ambalo maabara ya serikali ingeweza kulifanya kwa kila mwenye leseni. Kilo 1 ya mwamba uliosagwa, lita 1.5 za maji, chokaa mpaka pH 10.5, sianidi gramu 1 kwa lita, chupa izungushwe saa 48 ikiwa inapata hewa. Maji yapimwe saa ya 2, ya 6, ya 24 na ya 48. Sianidi ikiisha mapema, tafuta shaba mwambani, maana huila. Dhahabu ikipanda halafu ikashuka, mwamba una kaboni yake inayoipora. Sianidi na chokaa vikiwepo mpaka mwisho na dhahabu ikawa kidogo, ama hukusaga laini vya kutosha ama dhahabu imefungiwa ndani ya salfaidi (madini yenye salfa), na vati halitaifikia hata ukisubiri mwezi. Kama shida ni udongo unaoziba maji yasipite, mwamba uliosagwa ukandwe kwanza na saruji, kama kilo 5 kwa tani, unyevu wa asilimia 8 hadi 12, uachwe saa 8 au zaidi ushike. Njia hiyo nayo ilitoka kwa watafiti wa Ofisi hiyohiyo.

Zebaki tunaitaja kwa uchungu. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, ulianza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017, na bado zebaki inamwagwa kwenye mwamba wote uliosagwa, ikanasa sehemu tu ya dhahabu, kisha marudio yenye mabaki yake yakapelekwa kwenye sianidi. Sianidi huyeyusha zebaki pia na kuifanya isafiri na maji. Mkataba umekitaja kitendo hicho kuwa kimojawapo cha vya kukomeshwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopita kwenye maji baridi, hurudisha zaidi ya asilimia 90 yake. Ncha ya bomba iwe juu kidogo ya maji ya kupokelea, isizame, kwa sababu chungu kikipoa huvuta maji ndani na chuma cha moto kikikutana na maji hupasuka. Sentensi hiyo moja kuhusu ncha ya bomba haimo katika mabango mengi ya kampeni dhidi ya zebaki, na kwa aliyeshika chungu ndiyo muhimu kuliko picha zote.

Kwa hiyo ombi letu kwa wanaopanga bajeti na kwa wakuu wa maabara za serikali ni hili. Kila ripoti ya utafiti wa migodi inayolipiwa na umma itoke na ukurasa mmoja kwa lugha anayoisoma mchimbaji: kipimo chenyewe, hatua kwa mpangilio, kosa linalofanyika mara nyingi na sababu yake, na mahali pa kupeleka sampuli. Na chini ya ukurasa huo iandikwe tarehe ambayo kipimo hicho kitapimwa upya.

Wasomaji wako,
Wachimbaji na wachenjuaji wa madini